Safari Aliyoipanga Tusajigwe

Tusajigwe Mwasomola hakasiriki upesi, lakini akishakasirika hajui kusema "yaishe." Watu wa Uyole wanalijua hilo tangu enzi alipokuwa anakata tiketi za mabasi stendi ya Mbeya mjini. Siku moja wakala mmoja aliuza kiti kimoja kwa watu wawili, babu mwenye mkongojo na mama mwenye kichanga, kisha akamtuma Tusajigwe awaambie wavumiliane. Tusajigwe alitoka ofisini, akasimama mbele ya basi lililokuwa linanguruma, akakataa kusogea mpaka wakala mwenyewe aje aombe radhi. Dereva alipiga honi hadi akachoka. Wakala alikuja.

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na moja. Alipoiacha alirudi kwenye shamba la mama yake, mlimani juu ya Uyole, akaanza kulima viazi mviringo. Hakulima vya chipsi. Alilima vya mbegu, vinavyokaguliwa na wataalamu shina kwa shina, na shina moja likionekana na ugonjwa wanakataa kipande kizima. Sasa ana miaka arobaini na sita. Mume wake, Gwakisa, ni fundi wa malori pale barabarani. Yeye mwenyewe ni katibu wa umoja wa wazalishaji wa mbegu za viazi, wenye wanachama wa Mbeya na wa Iringa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu umoja ulipata mwaliko. Wakulima wa mbegu za viazi wa Uholanzi, pamoja na wenzao wa Ujerumani, waliwaalika watu sita kwa siku kumi na mbili, mwishoni mwa mwezi wa sita, wakati mashamba ya kule yako kijani. Nauli na malazi juu ya wenyeji. Umoja ulitakiwa kufanya mambo mawili tu: kuchagua watu sita, na kuandika ratiba ya safari siku kwa siku, mji kwa mji, kwa sababu viza haitolewi kwa neno "tutazunguka."

Kamati ilikaa, ikachagua sita: Jailos, ambaye ndiye mwenyekiti, Tusajigwe, Damari wa Kilolo, mwanamke wa Kihehe ambaye mbegu yake haijawahi kukataliwa hata mara moja, na wakulima wengine watatu wa Iringa. Ratiba akapewa Tusajigwe.

"Wewe ndiye umekaa stendi," Jailos alimwambia. "Mambo ya safari ni yako."

Akaifanya kazi hiyo kwa wiki sita. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, ramani ya bintiye ya shuleni, na daftari. Hajawahi kupanda ndege hata ya Songwe kwenda Dar es Salaam, lakini alijua jambo moja ambalo stendi ilimfundisha: abiria hasafiri kwa kilomita, anasafiri kwa saa. Mtu ukimwambia atafika saa nane, saa tisa anakutukana. Kwa hiyo aliuliza kila kitu kwa saa. Kutoka uwanja wa ndege hadi kitandani, saa ngapi? Treni hii ikichelewa, inayofuata iko baada ya muda gani? Wapi wataenda chooni?

Aligundua kwamba Emmeloord, mji wenye mashamba waliyoitiwa, hauna stesheni ya treni. Unapanda treni hadi Lelystad, unamalizia na basi. Aligundua kwamba kutoka Groningen kwenda Bremen, yaani kuvuka kutoka Uholanzi kuingia Ujerumani, njia rahisi ni basi la moja kwa moja, kama saa tatu. Aligundua kwamba Jumapili Ujerumani maduka yanafungwa, kwa hiyo chakula cha Jumapili kinunuliwe Jumamosi. Aliandika usiku kumi na mmoja wa kulala: Amsterdam mmoja wa kupumzika, Emmeloord minne, Groningen mmoja, Bremen miwili, Uelzen miwili kwenye mashamba ya Wajerumani, kisha kurudi Amsterdam mmoja, kesho yake ndege. Saba Uholanzi, minne Ujerumani. Kwa hiyo viza iombwe Uholanzi, kwa sababu ndiko wanakolala siku nyingi.

Jailos alipoisoma ofisini Uyole, uso ulimshuka.

"Katibu, hii ni safari ya Ulaya au ya kwenda kupalilia?"

"Ya kwenda kujifunza mbegu, Mwenyekiti."

"Paris iko wapi hapa? Roma? Berlin? Mtu atoke Uyole, apande ndege, arudi hajaona hata ule mnara? Watu watatucheka."

Tusajigwe alifungua daftari. Alikuwa ameshajiandaa. "Nimeijaribu hiyo ya kwako. Amsterdam, Paris, Roma, Berlin, ndipo turudi shambani. Saa za njiani peke yake, ukiacha kusubiri, zinazidi arobaini. Tutabaki na siku tatu za viazi. Na wakituuliza kwenye viza tunakwenda kujifunza mbegu Roma, tutajibu nini?"

"Unajua sana."

"Sijui sana, Mwenyekiti. Nimehesabu."

Jailos akaipitisha. Wenyeji waliposomewa ratiba hiyo kwenye simu ya video walisema hawana cha kubadilisha isipokuwa saa ya chakula cha mchana siku moja. Tusajigwe alifurahi hadi akaenda kumnunulia mama yake kitenge.

Mwezi wa nne, siku ya Jumanne asubuhi, alikuwa ghalani anachambua mbegu, simu ikalia. Ni kundi la WhatsApp la umoja. Jailos ametuma karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa ratiba. Ileile, neno kwa neno, mpaka pale alipoandika "hapa kuna choo." Juu yake kumewekwa nembo ya umoja, na chini yake: *Imeandaliwa na Ofisi ya Mwenyekiti.*

Ya pili ilikuwa orodha ya wasafiri. Jailos yupo. Wale watatu wa Iringa wapo. Nafasi ya tano, mahali pa Damari, pameandikwa jina la Dastan, shemeji yake Jailos, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyejiunga na umoja mwaka jana kama "mshauri wa masoko" na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona na tope kwenye kiatu. Nafasi ya sita, mahali pa Tusajigwe, ni mjomba wa Dastan. Chini kulikuwa na maelezo: *Baada ya mashauriano na familia husika, akina mama wawili wamepumzishwa kutokana na urefu wa safari na majukumu ya nyumbani.*

Alisoma neno "wamepumzishwa" mara tatu. Alikuwa na kiazi mkononi. Alikiweka chini polepole, kwa sababu alihisi akikishika zaidi atakirusha, na ghala lina dirisha la kioo. Halafu macho yakarudi kwenye maneno "mashauriano na familia husika."

Familia gani?

Alishuka mlima kwa miguu bila hata kuvua koti la kazi. Gwakisa alikuwa amelala chini ya lori la mizigo la Zambia, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Baba Ambwene, toka."

"Nafunga boliti, subiri."

"Toka huko chini."

Gwakisa akatoka, mikono imejaa grisi. Alipomwona uso, akaanza kujifuta mikono ingawa haikuhitaji.

"Jailos alikuja kuzungumza na wewe kuhusu mimi?"

"Alipita... kama wiki mbili. Alikuja na gari lake, nikamwangalizia breki."

"Akakuuliza nini?"

"Aliuliza kama nimeridhika wewe kwenda huko siku kumi na mbili. Watoto, na nini."

"Ukasema nini?"

Gwakisa aliangalia barabara. Lori lilipita, akalisubiri lipotee, labda akitumaini litaondoka na swali. "Nilisema mimi sina neno, waamue wenyewe huko kwenye kamati."

"Ulisema huna neno."

"Nilidhani ni maongezi tu, Mama Ambwene. Sikukataa!"

"Hukukataa. Na hukukubali. Mtu anakuja kukuuliza habari zangu, mimi niko mlimani pale, nina simu, nina mdomo, wewe unamwambia huna neno. Wiki sita umeniona na lile daftari. Ulikuwa unanileteaga chai mwenyewe. Neno hukuwa nalo?"

"Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo." Sauti ilikuwa chini sana, na mafundi wawili wa lori la jirani waliacha kugonga wasikie. "Sitaki uniombe msamaha hapa mbele ya watu. Nataka umpigie simu Jailos sasa hivi, umwambie kwa mdomo wako kwamba mke wako hakupumzishwa na mtu wa nyumba hii."

Gwakisa alipiga. Jailos hakupokea. Alipiga tena jioni, na kesho yake. Hakupokea. Ndipo na Gwakisa naye akaanza kukasirika, lakini Tusajigwe hakumwonea huruma. Kwa siku nne waliongea habari za chumvi na mlango tu.

Damari alipigiwa simu siku hiyohiyo. Alikuwa hajaona ujumbe, kwa sababu kwake Kilolo mtandao unakuja na kuondoka. Tusajigwe alimsomea.

"Familia husika," Damari alisema. "Mimi mume wangu amekufa mwaka wa saba huu. Wamemshauri nani? Wamekwenda kaburini?"

"Sijui, dada."

"Mkutano wa wanachama uko Iringa wiki ijayo. Wewe unakuja?"

"Nakuja."

"Usije na machozi."

"Nije nayo ya nini?" Tusajigwe alisema. "Sina."

Mkutano ulikuwa Mlandege, Iringa mjini, kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki vya bluu. Walihudhuria watu sitini na kitu. Wengi walikuwa hawajui kilichotokea. Waliona orodha, wakadhani akina mama wameomba wenyewe. Tusajigwe alisalimia kila mtu. Kwa wazee wa Iringa alisema "kamwene" kama alivyofundishwa, akacheka na wanawake wa Kilolo, akakaa mstari wa pili, daftari mapajani. Jailos alipoingia na Dastan, alimpa mkono kama hakuna kitu.

"Katibu! Hujambo? Shamba?"

"Shamba zuri, Mwenyekiti."

Kikao kilikuwa chini ya mzee Filemoni wa Kalenga, makamu mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye husoma kila karatasi hadi nukta ya mwisho. Ajenda ya tatu ilikuwa safari. Jailos alisimama, akaeleza dakika ishirini habari ya heshima ya umoja, ya bendera na suti. Alipokaa, watu wakapiga makofi. Filemoni hakupiga. Alikuwa amevaa miwani, anasoma ratiba.

"Mwenyekiti, mimi siendi, ila nataka kuelewa," alisema. "Siku ya pili mnatoka Amsterdam kwenda hapa... Emmeloord. Mnakwenda kwa usafiri gani?"

"Kwa treni, mzee. Ulaya kila mahali ni treni."

"Hadi Emmeloord?"

"Hadi Emmeloord penyewe."

Filemoni alishusha miwani. "Hapa kwenye karatasi yako pameandikwa Emmeloord hakuna stesheni."

Watu wakaanza kugeuka. Jailos akacheka kidogo. "Hayo ni mambo madogo ya utekelezaji."

"Sawa. Na kuvuka kwenda Ujerumani, siku ya saba?"

"Treni vilevile."

"Karatasi inasema basi." Mzee akapindua ukurasa. "Na viza mtaomba ubalozi wa nchi gani, na kwa nini hiyo na si hiyo nyingine? Maana nasikia mtu anaulizwa mmoja mmoja."

Jailos aliangalia ukumbi, macho yakatua mstari wa pili. "Katibu yupo. Katibu atafafanua."

Tusajigwe hakusimama. "Mimi si msafiri, Mwenyekiti. Na ratiba nimeona imeandaliwa na ofisi yako. Fafanua."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa sauti, halafu wengi. Jailos akavimba. Dastan alimnong'oneza kitu, na Jailos akainua mikono kama mtu anayetuliza watoto.

"Jamani, jamani. Hatugombani. Nadhani hapa kuna kutoelewana. Kwa kuwa Katibu ana uzoefu wa mambo ya njia, napendekeza arudishwe kwenye msafara, awe mwongozaji. Mjomba wa ndugu Dastan atampisha. Tumemaliza?"

Kuna waliopiga makofi, wakidhani ndiyo suluhu. Tusajigwe alimtazama Damari, aliyekuwa amekaa ukutani na kitenge chake kimefungwa begani, uso hauonyeshi kitu. Hakuna aliyelitaja jina lake.

Hapo ndipo aliposimama.

"Hatujamaliza," alisema. "Mnanirudisha niwabebe. Niwaonyeshe basi, niwatafsirie vyoo, niwakumbushe kununua mkate Jumamosi. Wiki iliyopita nilikuwa nina majukumu ya nyumbani. Leo yamekwisha? Nani amepika?"

"Katibu, usilete—"

"Sijamaliza, Mwenyekiti. Umeandika umeshauriana na familia. Mume wangu anakupigia siku ya tisa leo, hupokei. Mume wa Damari alizikwa miaka saba iliyopita, na wewe ulikuwa msibani, ulikula pale. Ulishauriana na nani? Tuambie, ulipiga hodi wapi?"

Mzee Filemoni aliinamisha kichwa. Jailos akaanza kupanga karatasi zake upya.

"Kama mngetaka kututoa," Tusajigwe aliendelea, "mngetuita mkatutoa uso kwa uso. Mngesema tunataka kumpeleka shemeji. Tungekasirika, lakini tungejua ni tamaa tu. Nyinyi mkatutoa kwa kutusingizia. Mkatufanya tumechoka. Mimi nimechoka lini? Nilikata tiketi za mabasi ya alfajiri miaka kumi na moja, na mimba mbili juu yake. Damari anapanda ule mlima wa Kilolo na gunia mgongoni kila msimu. Simpishi mtu na sirudi peke yangu. Damari akirudi, narudi. Asiporudi, chukueni karatasi, mkaulize Ulaya njia."

Akakaa. Akafunga daftari.

Dastan alijaribu. Alisimama na kusema yeye anakwenda kwa manufaa ya wote, kuangalia matrekta yaliyotumika ambayo yanaweza kuingizwa nchini.

Damari ndiye aliyemjibu, bila kusimama. "Shemeji, mwaliko unasema mbegu. Ukifika shambani, ukaonyeshwa shina lenye virusi na shina zima, utayatofautishaje?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Ndiyo," Damari alisema. "Ndiyo maana waliita wakulima."

Filemoni aliomba mikono inyooshwe. Waliotaka orodha ya kwanza, ile ya kamati, irudi kama ilivyokuwa, walikuwa arobaini na nane. Mama mmoja wa Mufindi aliuliza kama na mwenyekiti naye si atolewe; mikono ilikuwa michache. Jailos ndiye aliyeanzisha umoja, na watu wa huku hawamwangushi mtu siku moja. Tusajigwe aliziona zile nyuso zilizokwepa macho yake, akazihifadhi. Dastan alitoka nje kabla ya chai. Kabla kikao hakijafungwa, Tusajigwe alimpelekea Filemoni kalamu, na mzee akafuta "Ofisi ya Mwenyekiti" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake jina la katibu na la shamba lake.

Walikwenda. Dar es Salaam, siku ya maombi ya viza, Tusajigwe aliwakalisha wote watano kwenye benchi akawauliza maswali kama mwalimu wa zamu, Jailos wa kwanza. Alijibu kama mwanafunzi, kwa hasira, lakini alijibu sawa. Viza zilitoka zote sita.

Safari haikwenda kama ilivyoandikwa. Basi la Groningen lilichelewa dakika hamsini, mvua ikanyesha Bremen mchana kutwa, na mmoja wa wale watatu aliacha koti kwenye treni. Lakini Tusajigwe alikuwa ameacha nafasi kati ya basi na treni, na hawakukosa kitu. Jua lilizama saa nne za usiku, Jailos akalalamika hawezi kulala. Kule Emmeloord, kwenye shamba lililo chini ya usawa wa bahari, mwenyeji alikuwa anaeleza mashine yake, Damari akaondoka kwenye kundi, akaingia katikati ya matuta, akainama, akang'oa shina moja lenye majani yaliyojikunja, akalileta. Mwenyeji alilitazama, akakunja uso, akamwita kijana wake waje wapite mstari ule upya. Walikaa mle saa mbili, Damari mbele. Jailos alipiga picha nyingi. Tusajigwe aliandika.

Watu humuuliza kama yeye na mwenyekiti wamepatana. Wanasalimiana. Kwenye vikao anaandika kila analosema Jailos, neno kwa neno, na mwisho anamsomea kwa sauti mbele ya wote, asaini. Jailos anachukia sana. Anasaini.

Kwa Gwakisa ilichukua muda zaidi, kwa sababu mtu wa nje hawezi kukuumiza hivyo. Aliporudi, mume alimpokea stendi, akabeba begi, njiani akamwuliza habari za huko. Akamweleza za ardhi ile tambarare isiyo na kilima hata kimoja, za ghala lenye baridi kama asubuhi ya Uyole mwezi wa saba, za wazee wa Kijerumani waliotaka kujua mvua ya Mbeya inaanza lini. Gwakisa alisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Ningejua, ningempiga Jailos kwa spana siku ile."

"Sikutaka umpige," Tusajigwe alisema. "Nilitaka umwambie, 'Mke wangu yuko pale juu, kamuulize.' Maneno matano, sita. Mpaka leo yananiuma."

Gwakisa hakujitetea. Walipanda mlima, yeye mbele na begi, mke nyuma, na mwezi wa saba ulikuwa na upepo mkali.